Imani si Amana

Kiswahili kimepokea kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu maneno mawili yaliyokaribiana kiasi cha kuchanganywa: imani na amana. Imani hutolewa kabla ya ushahidi, na mara nyingi hudumu bila huo ushahidi. Amana ni kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu, na mwenyewe ana haki ya kukidai siku yoyote. Anayeacha Windows akahamia Linux, ambayo msimbo wake yeyote anaweza kuusoma, kwa kukosa imani na usalama wa programu hudhani anahamisha imani yake tu. Kwa maoni yangu, anajaribu kuigeuza iwe amana.

Sababu za kuhama zipo. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza, kisha ikadai fidia. Ilipenya kwa ufa wa Windows ambao NSA, shirika la ujasusi la Marekani, lilikuwa limeujua na kuutengenezea silaha kimyakimya kabla siri haijavuja. Microsoft ilitoa kiraka Machi, miezi miwili kabla ya balaa, hivyo si haki kusema ilikaa tu. Lakini mwenye kompyuta aliishi na ufa huo bila kuwa na pa kuchungulia.

Mpinzani atasema huku ni kuruka majivu na kukanyaga moto, na hoja yake ni nzito. Heartbleed, kasoro ya OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, ilikaa miaka miwili katika msimbo ambao yeyote angeweza kuusoma, hadi ikafichuliwa Aprili 2014. Kabla ya hapo, mwaka 1984, Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alionyesha kwamba hata kuusoma msimbo wote hakutoshi: programu inayoutafsiri kwa lugha ya mashine yaweza kupandikiza mlango wa nyuma usioandikwa popote.

Nakubali yote hayo. Ila yanavunja imani, amana haijaguswa. Amana haikuahidi kamwe kwamba mtunzaji hatahini. Mtu aliyejiita Jia Tan alijenga jina jema kwa zaidi ya miaka miwili, akakabidhiwa utunzaji wa XZ Utils, programu ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, kisha akaficha humo mlango wa nyuma. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi (kwa kinaya) wa Microsoft, aliona kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba hadi akaukuta. Ilikuwa bahati, tena kubwa, lakini hakuhitaji kumbishia mtu hodi ili aufungue msimbo.

Itasemwa kwamba mtumiaji wa kawaida hawezi kusoma msimbo. Kweli. Hata aliyeweka dhahabu kwa jirani huenda hajui kuipima. Inatosha kwamba sonara yeyote aweza kuitwa, na jirani analijua hilo.

Kuna mahali hoja yangu inaishia. Spectre, iliyotangazwa Januari 2018, ilikuwa kasoro ya chipu zenyewe, za Intel, AMD na ARM, ikawapata watu wa Windows na wa Linux sawasawa. Jinsi chipu hizo zilivyosanifiwa ndani ni siri ya watengenezaji. Huko chini, aliyehama hajahama bado.