Mzinga wa Mjerumani, Mgongo wa Nani?

Huku Tudor, ukitaka kusema kitu ni imara, unasema tu ni cha Mjerumani. Gari, drili, hata pasi. Sifa hiyo inafika mpaka Fort Jesus, ambako kuna mzinga wa manowari Königsberg. Vijana wanapiga nao picha: "Hawa jamaa walijua kutengeneza vitu!" Kweli, walijua. Lakini je, ni haki kusifu silaha bila kumtaja aliyeibeba?

Tuanze na nguvu zake. Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliikuta meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar ikirekebishwa injini. Mizinga ya Mjerumani, kumi kwa jumla, ya milimita 105, ilifika mbali zaidi. Pegasus ikazama siku hiyo hiyo.

Sasa udhaifu. Bila makaa ya mawe meli ile haiendi popote, na Waingereza walibana njia za kuyapata. Injini nayo ikaharibika. Ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na vyuma vya injini vikaburutwa porini hadi karakana za Dar es Salaam, kisha vikarudishwa. Walioburuta ni Waafrika, kwa kamba na mabega. Julai 1915 Waingereza wakaleta meli mbili za kupita maji machache, ndege ikiwaelekeza shabaha. Königsberg ikaishia pale. Wajerumani wakaing'oa mizinga, wakaitia magurudumu, vita vikaendelea bara. Nani aliivuta? Wale wale.

Mwingereza naye hakuwa na tofauti. Wapagazi wake wa Carrier Corps wametuachia majina ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi.

Utaniambia chuma hakina dhambi. Sawa, hakina. Lakini kusifu ni tendo letu sisi, na tukisifu nusu tunadanganya. Mashine iliyokwama bila mgongo wa mtu haikuwa na nguvu peke yake. Sehemu ya nguvu ile ilikuwa ya mpagazi, na hakuulizwa kama anataka kuitoa.

Kwa hivyo piga picha yako, hakuna neno. Ila ukimaliza, jaribu kuusukuma ule mzinga kidogo, halafu fikiria kuuvuta kutoka Rufiji, kwa miguu, kwa vita visivyokuhusu.