Kuboronga Sarufi, au Kuitumia?

Mwaka 1784 Akademia ya Berlin ilimpa tuzo Mfaransa Antoine de Rivarol kwa insha iliyodai kwamba Kifaransa ndicho kinachofuata mantiki: kwanza mtenda, kisha kitenzi, kisha mtendwa. Lugha zinazopanga vingine, alisema, zinaongozwa na hisia. Nasi tungeweza kujipongeza, maana Kiswahili nacho husema "Juma amesoma kitabu".

Ila hebu tukifungue kitenzi. Katika "amekisoma", ki- ya kitabu imeitangulia -soma. Nje mtendwa hufuata, ndani hutangulia. Mantiki yetu ni ipi basi? Wajapani na Waturuki huweka kitenzi mwisho, na lugha za namna yao ni nyingi kuliko za namna ya Rivarol. Kiarabu fasaha hukitanguliza. Wahixkaryana wa Amazoni, Brazili, huanza na mtendwa na kumalizia na mtenda, na wanaelewana vizuri tu.

Hata hivyo si bahati nasibu. Mwaka 1963 mwanaisimu Joseph Greenberg, akilinganisha lugha 30, alionyesha kuwa mtenda karibu kila mahali humtangulia mtendwa. Akili ya binadamu ina mwelekeo wake. Mengine ni suala la nani anafanya kazi gani katika sentensi. Kiingereza kimepoteza viishio vingi vya nomino, hivyo nafasi ya neno ndiyo inayoonyesha nani kamuuma nani. Sisi kazi hiyo tumevipa viambishi. "Kitabu amekisoma Juma": hakuna atakayedhani kitabu ndicho kilichosoma. Mpangilio ukishapumzishwa hapo, hupata kazi nyingine, ya kutenga linalojulikana na lililo jipya. Sentensi hiyo humjibu anayeuliza nani amekisoma. Lakini sema "Ali Juma amempiga", na shaka inaingia, kwa kuwa wote wawili ni wa ngeli moja. Hapo mpangilio hurudishwa kazini.

Ndiyo maana siipendi istilahi ya darasani, "kuboronga sarufi", anapoandika mshairi "changu kitabu". Kuboronga ni kuharibu, na hapo hakuna kilichoharibika: upatanisho umebaki palepale. Kweli, mshairi dhaifu hugeuza maneno kwa kusukumwa na vina tu. Basi, walimu wa ushairi, kabla ya kumfundisha mwanafunzi kuandika "ameboronga", mwulizeni kwanza neno gani limetangulizwa, na limepata uzito gani.