UJIRA WA KUMWOKOA ALIYE KATIKA MAANGAMIZI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Alinijia mtu mmoja baada ya darasa, naye ni katika watu wa Ngara wakaao karibu na Mto Ruvuvu, akaniambia: "Maalim, mwana wa ndugu yangu alikuwa akivuka mto na baiskeli yake ndani ya mtumbwi, na mtumbwi ukapinduka. Mvuvi aliyekuwa akitega nyavu zake akaziachilia, akamwendea kijana akamtoa, na baiskeli akaitoa. Nyavu zikachukuliwa na maji, zikararuka. Sasa mvuvi ameishika baiskeli, asema hairudishi mpaka alipwe nyavu zake na taabu yake. Je, ni halali yake?" Nikamwuliza: "Na mvuvi mwenyewe asemaje?" Akajibu: "Asema kuwa asipolipwa, siku nyingine akisikia ukelele atatazama nyavu zake kwanza."

Neno hili la mwisho lilinitia hofu kuliko habari ya baiskeli, na ndilo lililonifanya kuandika kurasa hizi. Kwani wakikoma watu kuitikia ukelele, hakuna kijiji kitakachosalia salama, wala mtoni, wala msituni, wala machimboni.

FASILI YA KWANZA: HUKUMU YA KUOKOA

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa kumwokoa mtu aliye katika maangamizi ni faradhi ya kutoshelezana: akiifanya mmoja, wamesalimika wengine, wakiiacha wote, wamepata dhambi wote. Na asipokuwapo ila mtu mmoja awezaye, basi imekuwa faradhi juu ya shingo yake peke yake. Imekuja maana yake katika Sura ya al-Maida, kuwa mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyehuisha watu wote. Na Sheikh Izzud-Din bin Abdis-Salam, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi'i, amebainisha kuwa kumwokoa anayezama hutangulizwa mbele ya kusali Sala kwa wakati wake, kwa kuwa Sala yaweza kulipwa, na roho ikitoka hairudi.

Basi ikiwa Sala, iliyo nguzo ya dini, hungojeshwa kwa ajili ya mtu anayezama, itakuwaje yeye angojeshwe mpaka watu wapatane bei?

FASILI YA PILI: JE, UJIRA UNATHUBUTU?

Wanazuoni wetu wameitaja mas-ala hii katika mlango wa vyakula, penye habari za mtu aliyefikwa na dharura ya njaa. Wamesema: mwenye chakula asichokihitaji kwa wakati ule ni wajibu wake kumlisha mwenye dharura, lakini halazimiki kumpa bure, hulipwa thamani yake kama mlaji anayo, na kama hanayo huwa deni mpaka apate. Tena Imam Nawawi katika Minhaj amesahihisha kuwa, akimlisha pasipo kutaja malipo, hana haki ya kudai baadaye.

Ama aliyemtoa mtu katika maji au moto, hukumu yake iliyopitishwa na wengi ni kwamba hauthubutu ujira. Wako waliosema kuwa, ikiwa wakati una nafasi ya kupatana, yaweza kushurutishwa ujira kabla ya kazi. Na ikiwa hauna nafasi, hapana ujira. Kwa kauli zote mbili, mvuvi wetu hana deni la kudai, kwa sababu hakushurutisha kitu, na maji hayakumpa nafasi ya kushurutisha.

Akisema msemaji: "Je, sahaba Abu Said al-Khudri hakumsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge, kwa kundi la kondoo, na Mtume akaridhia?" Twamjibu: Ndiyo, na hadithi hiyo ni sahihi. Lakini tazama: sharti lilitajwa mwanzo, lilitajwa kwa watu wenye mali, na watu hao walikuwa wamekwisha kuwanyima wageni haki yao ya ukarimu. Wala hakumsomea kwanza, kisha akamshikia kondoo wake.

Na baiskeli je? Mlango wa malipo ya kurudisha kilichopotea ni wazi katika vitabu vyetu: mwenye kumrudishia mtu mnyama wake pasipo kuahidiwa kitu, hana kitu. Kwa hiyo kuishika baiskeli ni kuzuia mali ya mtu bila haki, na tumemwambia airudishe siku ile ile.

Watu wa baharini nao wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Mapatano ya mataifa juu ya uokoaji wa vyombo, yaliyofanywa Brussels mwaka 1910, yakafuatiwa na mengine mwaka 1989, humpa malipo aokoaye chombo na shehena, lakini yamesema kuwa watu waliookolewa roho zao hawadaiwi ujira. Wafanya biashara, ambao kazi yao ni kuhesabu, wameona kuwa roho haiingii katika hesabu.

FASILI YA TATU: HASARA YA MUOKOAJI IWE JUU YA NANI?

Asifurahi sasa yule aliyeokolewa, akadhani ameachwa huru. Sheria haikumlazimisha kama deni, lakini imemwamrisha kama muungwana. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kumlipa wema aliyetutendea wema, na asiyekuwa na kitu amwombee dua. Mwenye uwezo akazitazama nyavu zilizoraruka kwa ajili yake, kisha akaenda zake, huyo ni mnyimivu wa shukrani, na asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu.

Na akiwa fakiri? Hapo mzigo ni wa jamaa wote. Faradhi ilikuwa juu yetu sote. Mvuvi ameitekeleza kwa niaba yetu. Ni insafu gani tumwachie hasara peke yake? Faradhi ya kutoshelezana ina gharama ya kutoshelezana.

Tuna mfano katika mkoa wetu wenyewe. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Wavuvi waliikimbilia kwa mitumbwi yao kabla ya wengine. Walikufa watu 19, wakasalimika 24. Hatukusikia mvuvi aliyemwuliza abiria ana kiasi gani mfukoni. Kisha kijana mmoja katika wavuvi hao, Majaliwa Jackson, akapewa shilingi 1,000,000 mbele ya watu, na Serikali ikaamuru aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Thawabu ilitoka kwa umma, haikutozwa kwa walionusurika wangali wamelowa maji. Hiyo ndiyo njia iliyonyoka.

Na watu wa Ngara wakumbuke jambo kubwa kuliko hilo. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda. Lau angalisimama mtu darajani na daftari, akiandika kila mkimbizi anadaiwa nini, tungalimwitaje? Hata hivyo hasara ilikuwapo: miti ilikatwa kwa kuni, mashamba yakakanyagwa. Hasara hiyo ni haki kuifidia, lakini wa kuifidia ni mataifa kwa pamoja, si mama aliyevuka na mtoto mgongoni.

Wala hatukatazi malipo ya kutangulizwa. Wapandao Mlima Kilimanjaro hutozwa ada ya uokoaji, nayo kwa miaka mingi imekuwa dola 20 kwa kila mtu, pamoja na ada nyingine za hifadhi. Hii haina ubaya: hutolewa na mwenye uwezo, kwa hiari, kabla ya shida, na wote husaidiana kwa ajili ya mmoja asiyejulikana bado. Tofauti kati ya kuchanga kabla na kutoza baada ni tofauti kati ya kusaidiana na kumkaba mtu koo.

FASILI YA NNE: ALIYEJITIA HATARINI MWENYEWE

Huenda mtu akasema: "Hayo ni kwa aliyefikwa na kadari. Ama aliyeingia katika duara la dhahabu lililokatazwa, au aliyevuka mto uliofurika ilhali ameonywa, huyo alipe. Kwani vitabu vya Shafi'i havisemi kuwa msafiri aliye katika maasi hana ruhusa ya kula nyamafu?"

Swali hili ni zito, na jawabu lake ni hili. Hukumu hiyo ni juu ya ruhusa yake yeye na Mola wake, nayo imefungwa kwa toba: akitubu, hula. Si ruhusa kwetu kumwacha afe, wala kuipima bei roho yake kwa kadiri ya kosa lake. Akiwa amevunja amri, kadhi au hakimu yupo, amhukumu kwa kosa lake akiwa juu ya nchi kavu, kwa ushahidi na kwa kiasi. Adhabu ni jambo moja, na uokoaji ni jingine. Mwenye kuyachanganya huyaharibu yote mawili.

Tena yazingatie matokeo yake. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, duara liliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Katika Biharamulo nako wako vijana wetu wachimbao dhahabu. Tukisema leo kuwa gharama ya kufukua itadaiwa kwa aliyefukiwa au jamaa zake, basi siku duara litakapoporomoka, wenzake watakaa kwanza kuhesabu: je, tupige ukelele au tunyamaze, tujaribu wenyewe usiku kwa majembe? Na katika kuhesabu huko, pumzi ya aliye chini inakwisha. Kila kitu kimfanyacho mtu asite kupiga ukelele ni mlango wa kuua, na kuuziba mlango huo ni wajibu.

KHATIMA

Mvuvi alirudisha baiskeli. Kijana hakuwa na kitu ila dua, akaitoa. Kisha waliohudhuria darasa wakachanga, kila mtu alichoweza, zikanunuliwa nyuzi, na wazee wawili wakakaa na mvuvi kuzifuma nyavu upya. Nasi twawausia watu wa kila msikiti waweke fungu dogo kwa ajili ya jambo hili, liwe tayari kabla ya ukelele, ili asiwepo atakayetazama nyavu zake kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuitikia, na atupe wa kutuitikia siku tutakapoita sisi. Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.