Deni la Punda Asiyeweza Kubeba

Ng'ombe wa plau akivimba magoti huko Rongo au Ndhiwa, shauri lake halichukui muda: anauzwa kwa mchinjaji, na pesa zinachangia kununua mwingine. Punda hana mlango huo. Waadventista wa Sabato, waliofungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na ambao leo ni wengi Homa Bay na Migori, humhesabu miongoni mwa wanyama wasioliwa wa Mambo ya Walawi. Waislamu wa Kendu Bay nao wamekatazwa nyama ya punda wa kufugwa. Thamani yake yote imo katika nguvu zake. Basi daktari wa mifugo anapolikunja goti la mbele la punda wa miaka mitatu, akahisi joto na uvimbe mgumu, kisha akasema kiungo kimelika na hakitarudi kilivyokuwa, mwenye punda anabaki na swali lisilo na pa kujificha: ana deni gani kwa mnyama ambaye hatamfaa tena?

Wanaomtetea mnyama wa kazi kwa kawaida hutaja utumishi wake. Kant alifundisha hivyo katika karne ya 18, kwamba mbwa aliyetumika kwa uaminifu anastahili kutunzwa uzeeni. Hoja hiyo haimsaidii punda mchanga, kwa sababu hajatumika kiasi cha kudai chochote. Mimi naona deni linaanzia kwingine. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina mishipa ya damu, ndiyo maana likishalika halijijengi tena ipasavyo. Punda wa mwaka mmoja na nusu mifupa yake bado inakua, lakini wapo wa umri huo wanaopandisha maji kutoka ziwani. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80, na punda wengi wazima hawazidi sana mara mbili ya uzito huo. Kweli, si kila ugonjwa wa viungo huletwa na mzigo. Mwingine hutokana na jeraha, au maambukizi yaliyoingilia kitovuni akiwa mtoto. Hata hivyo ni sisi tuliomfunga kamba na kumwondolea uwezo wa kupumzika anapoumia. Na punda huficha maumivu: husimama kimya, huegemeza uzito upande mmoja, hula kidogo. Tunasema asante ya punda ni mateke, ilhali mara nyingi teke ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo ya kutuambia kwamba goti linauma.

Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati inamtaja punda kwa jina, pamoja na mtumwa na mgeni, kati ya wanaopaswa kupumzika. Haiulizi amebeba kiasi gani wiki hiyo. Pumziko ni haki yake kwa kuwa yuko chini ya mkono wa mtu, wala si ujira. Kuna atakayejibu kwa maneno ya Paulo kwa Wakorintho, anapouliza kama kweli Mungu anahangaikia ng'ombe, na kudai sheria hizo zote ziliandikwa kwa ajili ya watu. Lakini Paulo anapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa: ikiwa ng'ombe apurae nafaka asifungwe kinywa, sembuse mhubiri. Ukimwondolea ng'ombe haki yake, mhubiri naye anabaki bila hoja.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni umaskini. Mama anayesomesha watoto kwa kuuza maji hawezi kulisha mnyama asiyeingiza shilingi, na kumhubiria bila kumsaidia ni ukatili mwingine. Nakubali. Lakini hilo linaonyesha kwamba deni si lake peke yake: maji yale yametumika kuoshea vyombo vya hoteli na kupikia chai za harambee, na wote walioyanunua wamefaidi mgongo ule. Kanisa linalofundisha Sabato linaweza kutoa malisho ya uwanja wake, na kaunti inaweza kumleta daktari wa mifugo kijijini. Isitoshe, mara nyingi punda huyo hahitaji kukaa bure maisha yake yote. Kwato zikikatwa vizuri, akapewa dawa ya maumivu na miezi ya kupumzika, huenda akaweza shughuli nyepesi. Kumrudisha kwenye mzigo uleule ndiko kusikokubalika, na sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza kumtumikisha mnyama asiyefaa kwa kazi.

Je, akiwa hawezi hata kusimama? Hapo kumwua bila maumivu kunaweza kuwa sehemu ya lile deni. Ninachohofia ni nani anayeamua, na kwa faida gani. Kuanzia 2016 machinjio ya Kenya yalinunua punda kwa ajili ya ngozi zilizopelekwa China kutengenezewa dawa ya ejiao, na ghafla punda kilema akawa na bei. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha biashara hiyo kwa miaka 15. Palipo na mnunuzi langoni, neno huruma hutamkwa mapema mno. Uamuzi wa kumwua utoke kwa mtu asiyepata senti kutokana na kifo chake, baada ya dawa na pumziko kujaribiwa.