Je, Asiyeharibu Hana Kosa?



Katika nyumba yenye piano, swali hili huzuka siku fundi anapotaja gharama yake. Mume asema, "Hakuna aliyeipiga tangu watoto waende shule ya bweni. Imeharibikaje?" Mke naye asema, "Mimi huipangusa vumbi kila Jumamosi." Wote wawili wasema kweli. Je, kitu kikiharibika mikononi mwetu bila sisi kukiharibu, hatuna kosa?

Hebu tuitazame piano yenyewe. Ndani yake mna nyuzi za chuma zipatazo 230, zilizokazwa kwa nguvu ambayo kwa jumla hukaribia tani 18. Nguvu hiyo hailali. Ubao mwembamba unaokuza sauti hufura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na sauti za nyuzi hupanda na kushuka pamoja nao. Nondo nao hula sufu ya vinyundo, hasa mahali pasipoguswa. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri nyuzi zilinganishwe yapata mara mbili kwa mwaka, hata piano isipopigwa sana.

Ubaya ni kwamba sauti hushuka polepole, na sikio la mwenyeji huzoea. Fundi haitegemei kumbukumbu yake. Hubeba kipimo: ama uma wa sauti, uliobuniwa na John Shore wa Uingereza mwaka 1711, ama chombo cha kielektroniki. Kipimo kilichokubaliwa London mwaka 1939 ni mitetemo 440 kwa sekunde kwa noti ya A.

Piano ikiachwa miaka mingi, kazi huwa kubwa. Fundi akikaza nyuzi za upande mmoja, zile alizokwisha kukaza hulegea tena. Hulazimika kuipandisha kwanza kwa ujumla, kisha airudie kwa makini. Nyuzi zenye kutu huweza kukatika. Na ubao unaoshika vigingi ukiwa umepasuka, kulinganisha peke yake hakutadumu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Anayekubali kutunza kitu kinachobadilika chenyewe hawezi kujitetea kwa kusema, "Sikukigusa." Deni lake ni kukiangalia kabla hakijalalamika. Ikiwa uwezo haupo, si aibu kumpa piano mtu atakayeitunza, kuliko kuifanya meza ya vitambaa na picha.

Basi acheni kuulizana nani aliyeiharibu. Ulizaneni nani atamwita fundi, mwezi gani, na fedha zitatoka fungu lipi. Wakati mnangoja, iondoeni karibu na dirisha lenye jua na karibu na jiko, wala msiweke chombo cha maua chenye maji juu yake.