Huru na Bure

Watoto wetu hapa Mollo hurudi kutoka shuleni na maneno ya Kiingereza, na mojawapo ni free. Waingereza hutumia neno hilo moja mahali ambapo sisi tunayo mawili. Mtu aliyefunguliwa kifungoni ni free. Chumvi iliyotolewa pasipo bei nayo ni free. Sisi mtu yule twamwita huru, na chumvi twasema imetolewa bure. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hakuna aliyesema kwamba ilipata ubure.

Lakini bure letu nalo lina pande mbili. Kitu cha bure ni kile kisichotozwa bei. Tena aliyesafiri bure ni yule aliyerudi mikono mitupu. Hapo ndipo penye hatari. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na tangu mwaka 2016 ikafutwa hata kufikia kidato cha nne. Serikali iliandika “elimumsingi bila malipo”. Vinywani mwa watu ikawa “elimu bure”. Tena waraka wa mwaka 2016 ulimwachia mzazi sare, madaftari, na chakula cha mtoto anayesoma kutwa. Basi mzazi aliyesikia “bure” huuliza: debe la mahindi ni la nini? Na mtoto hushinda darasani na njaa.

Hatusemi juu ya mzazi ambaye debe hilo ndilo la mwisho ghalani mwake. Huyo yafaa asaidiwe, asikemewe. Twasema juu ya yule ambaye ghala lake limejaa. Ameondolewa ada, hakuondolewa uzazi.

Wazee wa Ufipa walijua namna ya tatu, isiyo bei wala bure. Walipolimiana matuta ya mviringo, yale yanayofukia majani yaoze yawe mbolea, hapakuwa na mshahara. Mwenye shamba alipika chakula na pombe, wakala, wakanywa. Kisha siku ya mwenzake naye alichukua jembe akaenda. Debe la mahindi la shule twaliona kuwa jembe la namna hiyo. Aliyekula kwa wenzake kisha akajificha zamu yake ilipofika hakudaiwa hata senti moja. Ila msimu uliofuata alipopika, wageni hawakuja.