Gari Lililoibwa Likiua, Nani Anadaiwa?



Tumeulizwa, mara baada ya ibada na mara kwenye misiba, swali ambalo wengi wetu hulijibu kwa hasira kabla ya kulitafakari. Gari limeibwa. Mwizi analiendesha mbio, anamgonga mtu, kisha anatokomea porini. Aliyegongwa amekufa, ameacha mjane na watoto. Mwizi haonekani, lakini mwenye gari anajulikana na nyumba yake inajulikana. Je, yeye ndiye adaiwe?

Swali hili si la Dar es Salaam peke yake. Barabara ya lami imetufikia kutoka Manyoni mpaka Singida na kuendelea hata mteremko wa Sekenke, na pikipiki zimeingia mpaka vijiji vya ndani. Palipo na vyombo vya moto, wezi wa vyombo hivyo nao wapo.

Mahakama za dunia hazikujibu kwa sauti moja. Huko Nancy, Ufaransa, mkesha wa Krismasi mwaka 1929, gari la daktari mmoja liliibwa, na mwizi akamgonga na kumuua mpeleka barua. Mwaka 1941 mahakama kuu ya nchi ile iliamua kwamba daktari hadaiwi, kwa kuwa gari lilikuwa limekwisha kutoka katika uwezo wake. Uingereza, mwaka 1988, basi dogo la kampuni liliachwa nje bila kufungwa, ufunguo ukiwa ndani. Likaibwa, likamuua mama mmoja aliyekuwa akiendesha baiskeli. Hata hapo Mahakama ya Rufaa ilisema kampuni haidaiwi, kwa maana tendo lilikuwa la mwizi. Lakini sheria ya Ujerumani husema kwamba mwenye gari aliyemrahisishia mwizi kazi kwa uzembe wake hubaki na deni.

Ndugu zetu, tuyapime haya kwa Neno la Mungu. Katika Kutoka sura ya 21 tunasoma habari za ng'ombe apigaye watu pembe. Ikiwa hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Ikiwa alijulikana kwa ukali, na mwenyewe ameonywa asimfunge, hatia ni yake. Mfugaji wa Ikungi au Iramba hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Sura hiyo hiyo yasema aliyechimba shimo na kuliacha wazi atamlipa mwenye mnyama aliyetumbukia.

Basi aliyefunga milango, akachukua ufunguo, na gari likavunjwa usiku, huyo hana hatia. Kumwita muuaji, au kwenda kumchomea nyumba, ni kumshuhudia uongo na kuongeza dhambi juu ya msiba. Lakini aliyeiacha pikipiki ikinguruma mbele ya kilabu cha pombe, mahali ambapo anajua zimeibwa nyingine, ameacha shimo wazi. Mtu atasema, “Mnyama hutumbukia bila kujua, bali mwizi huchagua mwenyewe kuiba.” Ni kweli, na dhambi ya mwizi ni kubwa zaidi. Hata hivyo dhambi ya mwizi haiufuti uzembe wa mwenye chombo. Kila mmoja atajibu kwa fungu lake.

Kuna jambo la tatu, nalo linatuuma zaidi. Mara nyingine gari halikuibwa kamwe. Mwenyewe alimpa ufunguo kijana wa ndugu yake asiye na leseni, au aliona utingo akilichukua akanyamaza. Ajali ikitokea, neno la kwanza ni, “Liliibwa!” Mwaka 1969 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba gari likidhuru kwa uzembe wa dereva, hudhaniwa kuwa aliyeliendesha ni mtu ambaye mwenye gari anamjibia, mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Ndiyo sababu wengine hukimbilia neno hilo “liliibwa”. Mkristo asemaye hivyo huku akijua si kweli amemwibia mjane haki yake, na amemtwika kijana jina la wizi.

Sasa turudi kwa yule asiye na hatia. Je, akae nyumbani kwake kwa amani? Kumbukumbu la Torati sura ya 21 yaeleza habari za maiti iliyoonekana shambani, muuaji asijulikane. Wazee walipima mwendo hata mji ulio karibu, na wazee wa mji huo, ingawa mikono yao haikumwaga damu, walitoka, wakasimama mbele ya Mungu kwa ajili ya mtu yule. Hawakuwa wauaji, lakini hawakuruhusiwa kugeuza uso. Vivyo hivyo mwenye gari aende msibani, atoe rambirambi kadiri alivyojaliwa. Nasi tulio wazee wa pande zote mbili tuseme wazi mbele ya watu kwamba mkono huo wa pole si kukiri kosa. Tusipofanya hivyo, hofu itawazuia wenye huruma wasifike.

Tena, wenye vyombo, tusiache ufunguo ndani hata kwa dakika moja. Chombo kikiibwa, tutoe taarifa polisi mara moja, tusingoje ajali itokee. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, humtaka kila mwenye chombo kiendacho barabarani awe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Tusiihesabu kuwa kodi ya kukwepa, kwa maana huyo mtu wa tatu ni jirani yetu anayerudi kutoka shambani na jembe begani.

Mungu atupe moyo wa kweli na mikono isiyojificha. Amina.